Kompyuta Moja kwa Kazi na Michezo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Vipuri

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha rasmi huduma ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotoka Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi umetumika katika ofisi, shule, steshenari na nyumba nyingi nchini. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, na zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mianya ambayo wahalifu wa mtandao huitumia kuingia.

Hatua hiyo inawagusa kwa namna ya pekee wananchi wenye kompyuta ya mezani inayobeba mizigo miwili. Mchana hutumika kuandaa zabuni katika mfumo wa NeST, kuombea leseni ya biashara kupitia TAUSI, kutuma maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, kusanifu kadi za harusi na kuhariri video za sherehe. Jioni kompyuta hiyo hiyo huwa uwanja wa mpira wa vijana wa nyumbani. Wengi wa wamiliki hao sasa wanajiuliza kama waiboreshe waliyonayo au wanunue nyingine. Fedha nyingi hupotea hapa, kwa sababu mipango huanzia dukani, kwenye kadi ya grafiki inayovutia macho, ilhali ilipaswa kuanzia kwenye namba ndogo ya prosesa ambayo wachache huisoma.

Windows 11, mfumo uliochukua nafasi ya Windows 10, unahitaji RAM ya angalau GB 4, diski ya GB 64, uwezo wa Secure Boot na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Masharti hayo mengi hutimizika. Sharti linaloangusha kompyuta nyingi ni prosesa: kwa ujumla Microsoft inakubali prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha nane, na za AMD Ryzen kuanzia familia ya 2000. Kizazi husomeka katika tarakimu zinazofuata jina. Core i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, i5-7500 ni ya saba, i5-8500 ni ya nane na i5-10500 ni ya kumi. Neno "Core i7" likiwa peke yake halimwambii mnunuzi lolote, kwani i7-2600 ni ya mwaka 2011, na i3-8100 inayoonekana ya daraja la chini ndiyo inayokubalika.

Jina la kompyuta nalo linaweza kupotosha. Dell iliuza OptiPlex 7010 mwaka 2012 ikiwa na prosesa ya kizazi cha tatu, kisha ikalirudisha jina hilo hilo mwaka 2023 kwa kompyuta ya kizazi cha kumi na tatu. Mtu anayeagiza kwa jina pekee, hasa kwa njia ya simu, anaweza kulipia moja akaletewa nyingine, na muuzaji asiwe amesema uongo. Kwa kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo wananchi wengi humudu, mstari wa kizazi cha nane unaanzia kwenye mifano kama OptiPlex 3060, 5060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4, na Lenovo ThinkCentre M720 na M920. EliteDesk 800 G3, inayofanana sana na G4 kwa sura, iko upande wa pili wa mstari.

Mwenye kompyuta anaweza kuipima mwenyewe kwa programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Ikumbukwe kwamba majibu yake yanahitaji kusomwa kwa makini. Programu ikisema TPM haipo, mara nyingi ipo lakini imezimwa katika mipangilio ya BIOS, na fundi anayejua kazi yake huiwasha kwa dakika chache. Ikisema prosesa haikubaliki, hapo hakuna mpangilio wa kuwasha. Wapo mafundi wanaoweka Windows 11 kwa kuruka sharti hilo, na kompyuta hufanya kazi. Hata hivyo, Microsoft haitoi hakikisho kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupokea marekebisho. Kwa kompyuta ya kuchezea tu, huo ni uamuzi wa mwenyewe. Kwa kompyuta inayohifadhi namba za NIDA, vyeti na picha za wateja, ni ujasiri usio na sababu.

Wenye kompyuta za kizazi cha saba kurudi nyuma bado wana njia mbili za halali. Ya kwanza ni mpango wa nyongeza wa usalama wa Windows 10 kwa watumiaji binafsi, ambao muda wake umepangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu anaweza kujiunga bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Huo ni muda wa kujipanga, na anayeutumia aanze kuweka akiba. Ya pili ni mfumo wa bure wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, unaotosha kwa nyaraka, barua pepe na mifumo inayofunguka kwenye kivinjari. Michezo mingi inayouzwa kupitia Steam huchezeka humo. Ile yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant na Battlefield 6, haikubali.

Mstari huo wa kizazi cha nane ndio unaopaswa kuamua fedha iende wapi. Kompyuta iliyo chini yake haistahili kuwekewa vipuri ambavyo haviwezi kuhama. RAM ya aina ya DDR3, kwa mfano, haiingii katika kompyuta yoyote inayotumia DDR4, na shilingi iliyowekwa humo hubaki humo. SSD ni tofauti, kwani leo inaweza kufungwa kwenye kompyuta ya zamani na mwakani ikahamia kwenye mpya. Kadi ya grafiki nayo huhama, mradi iliponunuliwa ukubwa na umeme vilizingatiwa.

Kwa upande wa kazi, uboreshaji hauna gharama kubwa na manufaa yake huonekana siku hiyo hiyo. Huanza kwa kusafisha vumbi na kubadilisha pesti ya kupozea prosesa, jambo ambalo katika miji yetu yenye joto na vumbi huirudishia kompyuta kasi ambayo mwenyewe alidhani imekwisha kwa uzee. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hatua inayofuata ni SSD. Diski ya kawaida inayozunguka husoma takribani MB 100 hadi 150 kwa sekunde, ilhali SSD ya SATA hufikia takribani MB 500. Tofauti kubwa zaidi iko katika kutafuta mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, kazi ambayo Windows huifanya kila inapowaka.

RAM ya GB 16 inatosha kwa mtu anayefungua nyaraka, kivinjari chenye kurasa nyingi na programu ya kusanifu kwa wakati mmoja. Ni vyema iwe vipande viwili vya GB 8 kuliko kipande kimoja cha GB 16, kwa kuwa viwili husomwa sambamba, na manufaa yake ni makubwa hasa kwa kompyuta isiyo na kadi ya grafiki ya peke yake. Mnunuzi ajiandae kwa bei. Tangu robo ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya RAM imepanda kwa kasi duniani, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kujiondoa katika biashara ya RAM na SSD za Crucial zilizokuwa zikiuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Kompyuta iliyotumika inayouzwa ikiwa tayari na GB 16 inaweza kuwa nafuu kuliko ya GB 8 inayosubiri kuongezwa.

Michezo ni habari nyingine. Hapo ndipo gharama ilipo, na hapo ndipo kompyuta zilizokuwa za maofisini huonesha mipaka yake. Nyingi zilitengenezwa kwa kasha dogo na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 180 hadi 260. Kasha hilo huingia kadi fupi za umbo la chini pekee. Pawa saplai haina waya wa ziada wa kulishia kadi kubwa, na kuibadilisha si rahisi, kwa kuwa Dell na HP hutumia viunganishi vyao wenyewe visivyolingana na pawa saplai za madukani. Kadi inayofaa humo ni ile inayotosheka na umeme wa sloti yake, ambao hauzidi wati 75.

Sharti hilo la wati 75 linabakiza kadi chache. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, inayopatikana sana kwa bei nafuu, bado ina uwezo, lakini NVIDIA ilihitimisha programu zake mpya za kuendeshea michezo kwa kadi za kizazi hicho Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. RX 6400 ya AMD hutumia wati 53 tu, ila haina sehemu ya kusimba video, na hupoteza nguvu kwenye bodi za PCIe 3.0, ambazo ndizo zilizomo katika kompyuta za kizazi cha nane. Mhariri wa video aiepuke. RTX 3050 yenye GB 6 hutumia wati 70 na ndiyo inayokidhi vizuri zaidi kazi na michezo kwa pamoja. Ieleweke kwamba ipo RTX 3050 nyingine, ya GB 8, inayotumia wati 130 na kuhitaji waya wa ziada. Mnunuzi asiishie kwenye jina.

Kwa skrini ya kawaida ya 1080p yenye 60 Hz, kadi ya daraja hilo inatosha kwa michezo ya mpira na mingine mingi ya kiwango cha kati. Kulipia kadi kubwa zaidi ili mchezo utoe picha 120 kwa sekunde hakuna maana kwenye skrini inayoonesha 60. Anayetaka makubwa kuliko hayo anahitaji kasha la kawaida, bodi ya kawaida na pawa saplai ya kawaida, na ni heri kuiuza kompyuta ya ofisi ikiwa nzima kuliko kuikata bati ili kadi iingie.

Umeme wa nje nao uingizwe katika bajeti. UPS ya VA 650 hutoa takribani wati 360 hadi 400, kiasi kinachotosha kompyuta ya aina hii na skrini yake kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo, kwa sababu inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na inaweza kuizima UPS wakati wa matumizi.

Jambo moja hupuuzwa kabisa katika nyumba ambako kompyuta ni moja. Michezo iliyovunjwa leseni, inayozunguka kwenye flashi na mitandaoni, ni njia kuu ya kuingizia programu zinazoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na nywila hizo zinaweza kuwa za mfumo wa zabuni au za benki. Windows inaruhusu kufungua akaunti mbili: ya kazi, yenye nywila yake, na ya michezo, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mteja aliyeacha nakala ya cheti chake steshenari ana haki hiyo hata kama kilichovujisha ni mchezo wa mtoto wa mwenye duka.

Wakati wa kununua, mnunuzi adai risiti ya EFD inayotaja kifaa kwa jina kamili na namba yake, pamoja na muda wa dhamana kwa maandishi. Risiti iliyoandikwa "kompyuta" pekee haimsaidii atakapodai kwamba aliahidiwa kizazi cha nane, iwe kwa muuzaji au katika malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC). Kabla ya kulipa, kompyuta iwashwe dukani, na namba ya prosesa, RAM na hali ya TPM visomwe kwenye skrini. Stika iliyobandikwa kwenye kasha isitegemewe.

Diski ya zamani inayotolewa ina miaka ya nyaraka. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi, na yeyote mwenye programu ya kurejesha anaweza kuyasoma. Diski inayozunguka ifutwe yote kwa programu maalumu inayoandika juu ya kila sehemu, au itobolewe kwa drili ikiwa haitatumika tena. Kinachobaki, pamoja na betri chakavu ya UPS yenye risasi na tindikali, kipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).