Dashibodi ya Pikapu Inazima na Kurudi? Usikimbilie Kununua Nyingine

Leo tumpumzishe kantangaze kidogo, tuzungumzie gari. Vijana kadhaa wenye pikapu za zamani wameniuliza jambo lilelile: mishale ya dashibodi inafanya kazi vizuri, ghafla inalala yote, ukiruka tuta inaamka. Na wengi wameshaambiwa watafute dashibodi ya mtumba. Subiri kwanza. Kitu kinachozima na kurudi chenyewe mara nyingi hakijaungua. Kuna mahali umeme unashika na kuachia, na ukiweka dashibodi nyingine juu ya waya uleule mbovu, utakuwa umenunua tatizo lilelile kwa hela mpya.

Pia usiseme "si gari linatembea bwana". Umeshusha nyanya Dar, unarudi Ilula na mbolea, unapanda Kitonga. Pale mshale wa joto ndio macho yako. Ukiwa umelala, utajua injini imechemka ukishaona mvuke, na hapo gasketi ya silinda hedi inaweza kuwa imeshakwenda na hela yako ya pembejeo. Kama mshale haufanyi kazi, mzigo usubiri.

Cha kwanza, angalia ni vitu gani vinazima kwa pamoja. Ukilala mshale mmoja tu, mfano wa mafuta, huku mingine iko sawa, shuku boya la kwenye tanki au waya wake. Ikilala yote kwa mpigo, tatizo liko pale inapopokea umeme kwa pamoja: fyuzi, waya wa hasi, soketi ya nyuma ya dashibodi, au swichi ya ufunguo. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi hiyo imeandikwa GAUGE. Ichomoe uangalie na miguu yake, maana fyuzi inaweza kuwa nzima lakini imelegea au ina kutu. Ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile. Karatasi ya sigara na vipande vya waya hapana kabisa, hivyo ndivyo magari yanavyoungua.

Halafu nenda kwenye betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake safisha kwa maji ya moto, piga msasa, kaza, paka grisi. Ufuate waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hapa ndipo sisi wakulima tunapoumia zaidi. Gari linalobeba mbolea linakula chumvi: vumbi la mbolea likikutana na unyevu, nati na ncha za waya zinaliwa haraka kuliko kwenye gari la mjini. Fungua nati, kwangua mpaka chuma king'ae, ufunge tena. Kazi ya nusu saa, na mara nyingi dawa inakuwa hapohapo.

Kama una kipimo cha volti, betri nzima iliyotulia inasoma karibu 12.6, na injini ikiunguruma isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikicheza nje ya hapo, muone fundi wa altaneta kabla ya kugusa dashibodi.

Bado inazima? Weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, mwenzako aangalie mishale, wewe tikisa taratibu mafungu ya nyaya chini ya dashibodi na karibu na fyuzi. Ikicheza ukiwa umeshika sehemu fulani, umeshampata mchawi. Angalia pia alama za meno. Pikapu ikilala karibu na ghala la mahindi, panya wanahamia humo na kutafuna nyaya.

Ukigonga dashibodi kwa kiganja na ikarudi, shuku soketi yake au risasi iliyopasuka ndani. Hiyo mpe fundi umeme, siyo fundi injini. Mwambie achomoe kwanza waya wa hasi wa betri, asafishe soketi, na alehemu upya sehemu zilizopasuka. Akianza kwa kukutajia bei ya dashibodi kabla hajaichomoa ile ya kwako, tafuta fundi mwingine.