Programu za mtiririko: Leseni si gharama yote

KIWANDA cha pampu, feni au matangi kinapotaka kujua maji au hewa itapitaje ndani ya chombo kabla chombo hakijaundwa, hutumia programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko. Wenye kampuni ndogo wakiletewa ankara za wauzaji, wengi hulinganisha bei ya leseni tu. Hapo ndipo fedha hupotea.

Wauzaji wakubwa wamepungua. Ansys ya Marekani ilinunua CFX mwaka 2003, kisha Fluent mwaka 2006, na hizo zilikuwa zikishindana. Siemens ya Ujerumani ilichukua CD-adapco, wenye STAR-CCM+, mwaka 2016 kwa dola milioni 970. Julai 2025 Ansys nayo ikamezwa na Synopsys, katika biashara iliyotangazwa kuwa na thamani ya dola bilioni 35 hivi. Kwa kila hisa ya Ansys mwenyewe aliahidiwa katika tangazo hilo dola 197 taslimu na hisa 0.345 za Synopsys. Wenye hisa walishukuru. Mnunuzi wa leseni ana sababu ndogo ya kushangilia, maana milango ya kubisha imebaki michache.

Kwa upande wa hesabu, tofauti si kubwa kama matangazo yanavyodai. Fluent, STAR-CCM+ na OpenFOAM, ambayo ni ya bure tangu 2004, zote hukata nafasi ndani ya chombo kuwa wavu wa vipande vidogo vingi na kukokotoa milinganyo ileile ya Navier na Stokes. Hata kanuni za kukadiria msukosuko ni zilezile: k-epsilon ya miaka ya 1970, na SST ambayo Menter aliichapisha mwaka 1994. Mhandisi akitumia k-epsilon mahali ambapo hewa hubanduka ukutani, atapata jibu baya kwenye programu ya maelfu ya dola sawa na kwenye ya bure.

Kinacholipiwa hasa ni muda wa mtu. Programu za kulipia husaidia kusafisha mchoro na kutengeneza wavu, kazi ambayo mara nyingi hula siku nyingi kuliko hesabu yenyewe, na mtumiaji akikwama kuna wa kumpigia simu. OpenFOAM huendeshwa kwa mafaili ya maandishi, na mgeni huchukua miezi kuizoea. Mhandisi wa mshahara mnono akikaa miezi mitatu bila kutoa jibu, ubure huo una bei.

Lakini mizani hugeuka kazi ikiwa kubwa. Leseni nyingi hutoza zaidi kadiri prosesa zinavyoongezwa. OpenFOAM haitozi, na STAR-CCM+ ina leseni ya bei moja bila kuhesabu prosesa. Kwa hiyo kiwanda chenye feni ya aina moja, inayobadilishwa vipimo mara mia, kinafaidika na programu ya bure: maandalizi hufanywa mara moja. Ofisi inayopokea kazi tofauti kila wiki itaona nafuu kulipa.

Kabla ya kutia saini, mnunuzi ampe muuzaji kipande ambacho upotevu wake wa shinikizo umekwisha kupimwa karakanani, bila kumtajia jibu. Wavu ufanywe mdogo mara mbili zaidi. Jibu likiruka, bado halijafika. Picha za rangi nyekundu na buluu hazithibitishi kitu.

Mwenye kununua hisa za kampuni inayojisifu kuunda bidhaa kwa kompyuta naye ana la kuuliza: ni watu wangapi wanaoimudu programu hiyo? Akiwa mmoja tu, siku akihama kazi husimama. Tena leseni ya mwaka ikiisha programu haifunguki, na mafaili ya kazi za nyuma hayaendeshwi na programu nyingine bila kuandaliwa upya. Ndiyo maana bei ya mwaka wa pili na wa tatu inafaa iandikwe ndani ya mkataba wa kwanza, wakati muuzaji bado anatafuta mteja.