Likizo ya Agosti: Pa Kwenda na Watoto Kuanzia Katikati ya Jiji Hadi Vilima vya Ngong

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, wazazi wengi wa Nairobi hujikuta na swali moja: watoto watakaa wapi siku nzima? Nyumba ni ndogo, ploti haina uwanja, na safari ya Mombasa au ya ushago inahitaji nauli ambayo si kila mtu anayo. Wengi huishia kuwaachia runinga na simu.

Hata hivyo, Nairobi ina mahali pengi pa kutembea na kujifunza ambapo panafikika kwa matatu moja au mbili. Makala haya yanaeleza baadhi ya maeneo hayo, kutoka katikati ya jiji hadi mitaa ya magharibi, nani anayasimamia, na mambo ambayo familia inafaa kujua kabla ya kuondoka nyumbani. Yanaeleza pia kwa nini sehemu kadhaa kati ya hizo zingekuwa zimepotea kama wakazi wa zamani wangenyamaza.

Jiji linalopanda mlima

Jina la Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, na mji ukaanza pale ambapo tambarare inakoma na ardhi inaanza kupanda. Katikati ya jiji pako takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Anayeelekea magharibi kupitia Kawangware, Dagoretti au Karen anapanda polepole hadi zaidi ya mita 1,800. Mbele yake vinasimama vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake cha juu kinafika mita 2,460.

Mwinuko huo ndio unaoleta baridi ya Julai na Agosti. Asubuhi mawingu hutanda na kijibaridi huuma, lakini mvua ni chache na vijia vya msituni havina matope kama ilivyo Aprili au Novemba. Kwa hiyo Agosti ni mwezi mzuri wa kutembea kwa miguu, mradi kila mtoto awe na sweta.

Matembezi ya katikati ya jiji

Familia inaweza kutumia nusu siku katikati ya jiji bila gharama kubwa, kwa mwendo wa kama kilomita tatu. Mahali pazuri pa kuanzia ni jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa katika barabara ya Moi, ambalo watu wa mjini huliita "Archives". Zamani lilikuwa Benki ya India. Ndani yake, pamoja na nyaraka za serikali, mna sehemu ya mkusanyiko wa sanaa na vitu vya kale wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Ng'ambo ya barabara ipo sanamu ya Tom Mboya, karibu na mahali alipouawa tarehe 5 Julai 1969.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi barabara ya Kimathi, ambapo sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa Februari 2007. Mbele zaidi, katika barabara ya Banda karibu na Msikiti wa Jamia, ndipo ilipo Maktaba ya McMillan yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 na ndiyo maktaba kongwe zaidi Nairobi. Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1962 iliwekwa chini ya baraza la jiji, na leo ni mali ya kaunti pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mtoto anayependa kusoma anaweza kupitisha likizo nzima katika maktaba hizi.

Umbali mfupi kutoka McMillan ipo Bustani ya Jeevanjee, ambapo wahubiri, wapiga picha na watu wanaopumzika hukutana chini ya miti kila siku. Ardhi hiyo ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwanzoni mwa karne ya 20.

Baada ya hapo, familia inaweza kushuka hadi makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo dogo la mawe lililo pembeni ni Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913 na kutumika kama ofisi ya mkuu wa mkoa. Hapo ndipo watu walikuwa wakiandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo. Hapo pia ndipo umbali wa barabara za kutoka Nairobi ulipoanza kupimwa. Mtoto akiuliza kwa nini kibao kinasema Nakuru iko mbali kiasi fulani, jibu linaanzia kwenye mlango huo. Ng'ambo ya barabara kuu ipo Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Ni muhimu kuvuka mahali palipotengwa kwa wanaotembea kwa miguu, kwa kuwa magari hapo hupita kwa kasi.

Watoto wanaopenda mashine watafurahia Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Miongoni mwa mabehewa yaliyohifadhiwa ni lile ambalo afisa wa polisi Charles Ryall alivamiwa ndani yake na simba huko Kima mwaka 1900. Kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue ipo Bustani ya Ukumbusho wa Agosti 7, mahali palipokuwa ubalozi wa Marekani hadi shambulio la bomu la mwaka 1998 lililoua zaidi ya watu 200 jijini. Kila mwaka tarehe hiyo huangukia karibu na likizo, na ni fursa ya kuwaeleza vijana jambo ambalo wazazi wao bado wanalikumbuka.

Mitaa ya magharibi: miti, kahawa na upepo

Umbali mfupi kutoka katikati ya jiji, kuelekea Kileleshwa, ipo Nairobi Arboretum yenye ukubwa wa takriban hekta 30. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu aina za miti ambayo ingeweza kukuzwa nchini, wakati ambapo injini za treni zilihitaji kuni. Leo ni mahali pa mandari, mazoezi na kutazama ndege. Tumbili wa hapo ni wajanja na hunyakua chakula mikononi mwa watoto. Wasilishwe, na mifuko ifungwe vizuri.

Matatu za nambari 111 zinazofuata barabara ya Ngong hupita kando ya Msitu wa Ngong Road. Msitu huu una vijia vya kutembea na kuendesha baiskeli, na wageni wanashauriwa kuingia kupitia malango rasmi na kuongozana na walinzi. Kijito cha Motoine hupita humo kikielekea Bwawa la Nairobi, kisha maji hayo huendelea kama Mto Ngong hadi Mukuru. Kwa hiyo mti unaokatwa karibu na Karen si hasara ya Karen peke yake. Ardhi isipofyonza maji ya mvua huku juu, maji hayo humfikia kwa kishindo mkazi wa bondeni.

Huko Karen kwenyewe, Makumbusho ya Karen Blixen yamo katika nyumba iliyojengwa mwaka 1912. Mwandishi huyo kutoka Denmark aliishi humo hadi mwaka 1931, akiendesha shamba la kahawa ambalo mwishowe lilifilisika. Sababu moja ni ile ile inayowafanya wakazi wa huko kuvaa makoti Agosti: shamba lilikuwa juu mno na lenye baridi nyingi kwa kahawa. Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Wazazi wanaweza kuitumia kuwaeleza watoto pia kuhusu familia za Wakikuyu zilizoishi shambani humo kama maskwota, na jinsi ardhi ya magharibi ya Nairobi ilivyogawanywa wakati wa ukoloni.

Mbali kidogo na hapo ipo njia ya msituni ya Oloolua, inayosimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Nyani. Ina mianzi, pango na maporomoko madogo ya maji, na inawafaa hata watoto wa shule za msingi.

Wenye nguvu wanaweza kuendelea hadi Vilima vya Ngong. Ingawa viko katika Kaunti ya Kajiado, wakazi wa Nairobi ni miongoni mwa wanaovipanda sana. Kutoka juu, upande mmoja mtu anaona jiji lote na upande mwingine Bonde la Ufa, huku mitambo ya umeme wa upepo ikizunguka karibu naye. Upepo wa Agosti huko juu ni mkali, na ni vyema kwenda kikundi, asubuhi, pamoja na walinzi wa msitu.

Nani anasimamia nini

Wakazi wengi hudhani kwamba kila bustani iliyo Nairobi ni ya kaunti. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaipa kaunti jukumu la bustani za kaunti, maktaba na vifaa vya burudani. Ndiyo maana malalamiko kuhusu taa, choo au usafi katika Uhuru Park, Jeevanjee au Maktaba ya McMillan yanafaa kupelekwa kwa serikali ya kaunti.

Nairobi Arboretum, Msitu wa Ngong Road na Vilima vya Ngong viko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Nairobi Gallery na Makumbusho ya Karen Blixen yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Anayejua mlango wa kubisha hujibiwa haraka kuliko anayezungushwa ofisi hadi ofisi.

Bustani zilizosalia kwa sababu watu walikataa

Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akapinga hadharani na kukejeliwa, lakini mpango huo ukaachwa. Mwaka 1992, akina mama waliokuwa wakidai wana wao waachiliwe kutoka jela za kisiasa walikusanyika kwenye pembe ya bustani hiyo inayojulikana hadi leo kama Freedom Corner.

Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya Jeevanjee, ambapo palipangwa kujengwa maegesho ya magari ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani na bustani ikabaki. Mwaka 1999 Profesa Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Leo Karura inapokea familia kila wikendi.

Si kila mahali paliponusurika. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Sasa umebaki takriban hekta 1,200, na barabara ya Southern Bypass imepita ndani yake. Kinachopotea hakirudi, kwa sababu hakuna ardhi tupu jijini inayosubiri kuwa msitu.

Sheria inampa mkazi njia za kulinda kilichobaki. Sheria ya Serikali za Kaunti inamruhusu kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inataka mabadiliko yoyote ya mipaka ya msitu wa umma yapitie kwa Bunge, na inaruhusu wakazi kuunda vyama vya kijamii vya kushiriki katika usimamizi wa msitu. Vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti navyo ndipo pesa za bustani na maktaba hujadiliwa. Viti vingi hubaki vitupu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

• Malipo ya KWS na Makumbusho ya Kitaifa hufanywa kidijitali kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu. Simu iwe na chaji na salio la M-Pesa.
• Mtu mzima abebe kitambulisho ili atozwe ada ya raia. Kwa mtoto, kadi ya shule au nakala ya cheti cha kuzaliwa husaidia.
• Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi. Hii ni pamoja na chupa za maji, sahani na vikombe. Maji yawekwe kwenye chupa ya kudumu, na chakula kwenye mikebe.
• Baadhi ya maeneo hufungwa kwa muda wakati wa ukarabati au hafla. Ni vyema kupiga simu au kuuliza kabla ya kulipa nauli.
• Kila mtoto ajue kwa kichwa nambari ya simu ya mzazi, hasa katikati ya jiji.
• Taka zote zirudi nyumbani au ziwekwe kwenye pipa.

Mtoto aliyeketi kwenye nyasi za Jeevanjee au kuvuka Motoine kwa miguu atajua kwamba mahali hapo ni pake pia. Siku mpango mwingine wa kupachukua utakapoletwa, naye atakuwa mtu mzima mwenye sauti.