"If" ya Kizungu na "nge" ya kwetu

Juzi nilikuwa nyumbani Shighatini, Ugweno, dogo mmoja wa kidato cha nne akanifuata na daftari. "Shikamoo kaka. Hizi sentensi za 'if' zinanichanganya." Nikacheka, maana mimi ziliwahi kuninyima kazi.

Ilikuwa kwenye usaili Moshi. Nilikuwa nimetoka mlimani alfajiri na basi la kwanza la kushuka Mwanga. Mzee mmoja akaniuliza: "What would you have done if the bus had not come?" Mimi nikadaka "bus" na "not come" basi. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "The bus came, sir." Wakaangua kicheko. Kazi nikaikosa.

Sasa sikilizeni. Sisi "nge" tunaiweka pande zote mbili: "Ningekuwa na hela, ningenunua simu." Tukihamia Kiingereza tunazibeba zote mbili: "If I would have money, I would buy a phone." Hapo ndipo kalamu nyekundu inapita. Kwenye Kiingereza cha mtihani, "would" inakaa upande wa matokeo tu. Upande wa "if" kitenzi kinarudi nyuma hatua moja: "If I had money, I would buy a phone." Na hiyo "had" sio ya jana jamani! Inasema hela sina sasa hivi.

Ile ya "ki" haina shida sana. "Mvua ikinyesha, nitapanda mahindi" inakuwa "If it rains, I will plant maize." Usiandike "if it will rain", basi.

Kimbembe ni "ngali". "Ningalisoma, ningalifaulu": yaani sikusoma, na nimeshafeli. Kitenzi kinarudi hatua mbili: "If I had studied, I would have passed." Mtaani nge na ngali tunazichanganya tu, hata "ningelisoma" utaisikia, ndiyo maana Mzungu akizitenganisha tunapotea. Mimi natumia ujanja huu: nikikuta "if" na "had" upande mmoja, "would have" upande wa pili, nageuza. "Had studied", hakusoma. "Had not come", lilikuja. Yule mzee alijua fika kwamba basi lilikuja, mimi nipo mbele yake! Alitaka kujua lisingekuja ningefanyaje.

Nikampa dogo zoezi: "Basi lisingalikuja, ningalitembea mpaka Mwanga." Akatafuna kalamu, akafuta mara mbili, halafu akaandika: "If the bus had not come, I would have walked to Mwanga."

Nikabaki naliangalia lile daftari. Jibu la usaili wangu hilo hapo, limeandikwa na mtoto wa kidato cha nne.