Kutangulia si kufika: Wanachokitafuta maskauti kwa watoto wa hoki ya barafuni

JIONI moja katikati ya miaka ya 1980, mwanasaikolojia Roger Barnsley alitoka na mkewe, Paula, na wana wao wawili kwenda kutazama mechi ya vijana ya hoki ya barafuni. Ilikuwa katika mji wa Lethbridge, kusini mwa jimbo la Alberta nchini Kanada, ambako mechi kama hiyo ni matembezi ya kawaida ya familia.

Wakati wengine wamekodolea macho uwanja, Paula alikuwa akisoma kijitabu cha mechi chenye majina ya wachezaji na tarehe zao za kuzaliwa. Ndipo alipoona jambo ambalo makocha, wasaka vipaji na wazazi walikuwa wamelipita kwa miaka mingi. Wengi wa vijana wale walikuwa wamezaliwa Januari, Februari na Machi.

Barnsley aliporudi nyumbani alianza kukusanya tarehe za kuzaliwa za wachezaji wengine wengi, wa ligi za vijana na wa kulipwa. Picha ilikuwa ile ile. Katika makundi ya wachezaji bora, karibu asilimia 40 walikuwa wamezaliwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, na asilimia 10 hivi tu miezi mitatu ya mwisho. Mwaka 1985 yeye na wenzake, Paula akiwa mmoja wao, walichapisha utafiti huo.

Sababu haikuwa nyota wala damu. Kanada hupanga watoto wa hoki kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari 1. Mtoto wa Januari 2 huwekwa kundi moja na wa Desemba 30, ingawa wamepishana karibu miezi 12. Wakiwa na miaka tisa, tofauti hiyo ni kubwa: mmoja ni mrefu, ana nguvu na anaelewa maelekezo haraka, huku mwenzake bado mdogo mdogo.

Kocha humwona yule mkubwa akadhani ameona kipaji. Humweka timu ya kwanza, ambako kuna makocha wazuri, mazoezi mengi na mechi nyingi. Ikifika miaka 14, mtoto huyo kweli amekuwa bora kuliko wenzake. Kumbe alianza kwa kuwazidi umri tu.

Wanaokaa juu jukwaani

Hii ndiyo hali wanayoikuta maskauti, yaani wasaka vipaji wa klabu, wanapoingia uwanjani kutazama vijana.

Ligi kubwa za vijana nchini Kanada ni tatu, na zote ziko chini ya Canadian Hockey League. Wachezaji wake wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20. Katika ligi ya upande wa magharibi, WHL, klabu huanza kujigawia vijana katika mwaka ambao wanatimiza miaka 15. Wakifika 18, huingia kwenye siku kubwa zaidi: klabu 32 za ligi ya kulipwa ya NHL huchagua vijana kwa zamu, raundi saba. NHL ina hata ofisi yake maalumu, iliyoanzishwa 1975, ya kuwapanga vijana hao kwa ubora kabla ya siku hiyo.

Ndiyo maana mechi ya Ijumaa usiku katika mji mdogo inaweza kuwa na watu kadhaa walioketi juu kabisa, pembeni, mbali na mashabiki. Hufika mapema, kabla timu hazijapasha misuli. Wana kahawa, daftari na orodha ya namba za jezi. Hawashangilii bao.

Mechi yenyewe ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kila timu huwa na wachezaji sita barafuni, kipa akiwamo, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa magongo. Kwa sababu ya kasi, mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja hivi, kisha hutoka na mwenzake huingia.

Mtazamaji wa kawaida hukifuata kisahani. Skauti humfuata mtoto mmoja. Akiamua kumtazama namba 17, atamtazama tangu anaporuka uzio kuingia hadi anaporudi benchi, hata kama kisahani kiko upande wa pili wa uwanja.

Anataka kujua mambo mengi. Kijana anageuza shingo kuangalia nyuma kabla ya kupokea pasi? Timu yake ikipoteza kisahani, anarudi mbio kuzuia au anasubiri wengine wamalize kazi? Anaingia kwenye kona kugombania huku akijua atapigwa kikumbo?

Namna ya kuteleza huja kwanza, kwa kuwa asiye na mwendo hana muda wa kufikiri. Lakini miguu huimarika kwa mazoezi. Uwezo wa kusoma mchezo na kufanya uamuzi sahihi ndani ya nusu sekunde ni mgumu zaidi kuufundisha mtu mzima.

Baada ya kosa

Kinachomvutia skauti kuliko bao ni kinachotokea baada ya kosa. Kijana akipoteza kisahani na timu yake ikafungwa, uwanja mzima hugeuka kumtazama kipa. Skauti hubaki na yule aliyekosea.

Anapiga gongo ukutani kwa hasira? Anamnyooshea mwenzake kidole? Anaketi mwisho wa benchi ameinamisha kichwa? Au anamsikiliza kocha, anakunywa maji, na zamu yake ikifika anaingia na kuomba pasi tena? Vijana hawa watakosea maelfu ya mara maishani mwao. Klabu inataka kujua kama kosa moja litazaa la pili.

Lipo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui: wao pia hutazamwa. Kijana wa miaka 16 bado anarefuka, hivyo skauti hupenda kuona kimo cha baba na mama ili akadirie mtoto atafika wapi. Masikio yake nayo yako wazi. Mzazi anayemfokea mwamuzi au kumtukana kocha mbele ya watu hajui nani ameketi nyuma yake.

Mwezi Juni, kabla ya siku ya kuchagua, NHL huwaita vijana wanaoongoza orodha katika mji wa Buffalo nchini Marekani. Kule hawachezi hoki hata dakika moja. Hupimwa nguvu na pumzi, kisha huingia chumba hiki na kile kuhojiwa na viongozi wa klabu, ambao mara nyingi huuliza kuhusu shule, marafiki na nyumbani.

Nyumba ya watu wengine

Nyuma ya mechi hizi kuna uamuzi mzito wa kifamilia. Vijana wengi wa ligi kubwa huishi mbali na kwao. Klabu humtafutia kila mmoja familia mwenyeji katika mji wake, ambayo humpa chumba, chakula na jicho la mzazi. Mtoto wa miaka 16 au 17 huhamia kwa watu asiowajua, huanza shule mpya na hulala kwenye basi akisafiri kwenda mechi za mbali. Timu za WHL pekee zimetawanyika kutoka jimbo la Manitoba hadi pwani ya Pasifiki, nyingine zikiwa Marekani.

Kwa familia za Afrika Mashariki jambo hili lina sura inayofahamika. Ni kama kumpeleka mtoto bweni, au kumwacha kwa shangazi mjini ili asome. Maswali ya usiku wa kwanza ni yale yale: amekula? Amelala? Anaona aibu kuomba sabuni?

Na wenyeji hao huulizwa habari zake. Anaamka mwenyewe? Anaondoa sahani yake mezani? Anazungumzaje na watoto wadogo wa nyumba ile? Majibu hayo humfikia skauti pamoja na hesabu ya mabao.

Masomo nayo yamo kwenye mizani. Katika WHL, kila msimu anaocheza kijana humpatia, kwa masharti yaliyowekwa, ufadhili wa mwaka mmoja wa masomo baada ya sekondari. Lakini kwa miaka mingi kulikuwa na bei ya kulipa: aliyecheza ligi hizi alipoteza haki ya kuchezea vyuo vikuu vya Marekani katika daraja la juu. Familia ililazimika kuchagua njia moja mtoto akiwa bado na miaka 15 au 16. Kanuni hiyo ilibadilishwa Novemba 2024, na mabadiliko yakaanza kutumika Agosti 1, 2025. Sasa kijana anayechelewa kukomaa anaweza kucheza ligi ya vijana kisha akaenda chuo.

Waliotajwa mwisho

Pamoja na macho yote hayo, wataalamu hukosea. Mwaka 1999 kijana wa kwanza kuchaguliwa na klabu za NHL alikuwa Patrik Stefan wa Jamhuri ya Czech. Majeraha yalimwandama na hakuwa nyota aliyetarajiwa. Mwaka ule ule, wa 210 alikuwa Henrik Zetterberg wa Uswidi, kijana mwembamba ambaye inasimuliwa kwamba watu wa Detroit Red Wings walimwona walipokwenda kumtazama mwingine. Zetterberg alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2008, akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano na baadaye akawa nahodha wa klabu hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa huku ni Johnny Oduya. Alizaliwa Stockholm Oktoba 1, 1981, baba yake akiwa Mkenya na mama Mswidi. Akiwa kijana alivuka bahari kwenda kucheza ligi ya vijana ya Quebec. Mwaka 2001 Washington Capitals walimchagua, akiwa wa 221. Hakuwahi kuichezea klabu hiyo hata mechi moja.

Oduya alirudi Uswidi, akacheza huko misimu mitano. Mwaka 2006 New Jersey Devils wakamchukua, na akaingia NHL akiwa na miaka 25, umri ambao wengi waliochaguliwa mapema huwa wameshazoea ligi au wameshaachwa. Alicheza zaidi ya mechi 800 na kutwaa Kombe la Stanley mara mbili akiwa na Chicago Blackhawks, 2013 na 2015.

Zetterberg naye alizaliwa Oktoba. Mifano miwili haitoshi kuthibitisha jambo, lakini takwimu zipo. Mwaka 2013 Robert Deaner wa Grand Valley State University, Michigan, na wenzake walichapisha uchunguzi wa Wakanada waliochaguliwa na klabu za NHL kuanzia 1980 hadi 2006. Waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa asilimia 36. Waliozaliwa Oktoba hadi Desemba asilimia 14.5 tu.

Jambo la kushangaza lilikuja baadaye. Waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walikuwa asilimia 34 ya waliochaguliwa, lakini walicheza asilimia 42 ya mechi na kupata asilimia 44 ya pointi. Ukiwalinganisha vijana waliochaguliwa katika nafasi ile ile, aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka alikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kufanikiwa.

Maana yake ni kwamba maskauti, watu wanaolipwa kuona, kwa zaidi ya robo karne waliendelea kudanganywa na ukubwa wa mwili. Na kila mwaka, watoto waliozaliwa Novemba waliambiwa hawawezi, wakavua viatu vya kuteleza na kwenda zao. Hao hawamo kwenye takwimu yoyote.

Mzazi afanye nini?

Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayempeleka mwanawe kwenye mchujo wa akademia ya soka yuko kwenye foleni ile ile, tofauti ni nyasi na barafu. Popote watoto wanapopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa mwanzoni hutangulia.

Kabla ya kukubali kwamba mtoto hana kipaji, angalia alizaliwa mwezi gani na wenzake wana umri gani. Akiachwa nje ya timu akiwa na miaka 11, mtafutie mahali pengine pa kucheza. Mtoto anayebaki mchezoni akiwa mdogo kuliko wenzake hulazimika kujifunza akili na ufundi, na siku mwili wake ukiwafikia, vitu hivyo vinabaki kuwa vyake.

Mwenye mtoto anayeongoza naye asilewe sifa. Kama anawapita kwa nguvu tu, wenzake watarefuka. Msisitize ufundi, nidhamu na masomo angali mbele, na usimwahidi mtoto wa miaka 13 kwamba ataijengea familia nyumba.

Hakuna pia sababu ya mzazi kujigeuza skauti. Watu wa kuandika makosa ya mtoto wapo, tena wanalipwa. Safari ya kurudi nyumbani baada ya mechi si wakati wa kuhesabu pasi zilizopotea. Mtoto aliyecheza vibaya anajua tayari, na amelijua hilo tangu kipindi cha pili. Muulize kama alifurahi na kama ana njaa, halafu umwache aanze mwenyewe kusimulia mechi akitaka.