Chumba Kimoja, Njia Mbili: Kuishi na Choo Kilicho Pia Bafu

Akina mama tunaopanga katika miji yetu midogo, iwe Mbulu, Dongobesh, Haydom au Katesh, chumba hiki tunakijua. Ni hatua mbili kwa moja. Sinki la choo liko sakafuni, ndoo ya kuogea iko pembeni, na dirisha ni tundu la matofali mawili. Anayeoga kwanza humwachia wa pili sakafu yenye povu, na mwezi wa Julai, baridi inaposhuka, sakafu hiyo haikauki mpaka jioni.

Sisi tuko watu sita, na hapa Katesh tulidhani tumekwisha kukizoea. Kisha mama mkwe alikuja kutoka kijijini kukaa nasi baada ya kutibiwa macho. Wiki ya pili alianza kukataa chai na kusinzia mchana. Usiku mmoja akasema maneno yasiyoeleweka. Sisi tunaowafundisha wengine kliniki tulisema ni uzee. Kumbe alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo.

Alipopata nafuu alitueleza: "Wanangu, nilipunguza kunywa maji ili nisiende mle ndani. Nateleza. Tena siwezi kupishana mlangoni na mwanangu wa kiume nikiwa na kanga mbichi." Tulinyamaza kwa aibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Somo kutoka kwa wageni

Mwezi uleule wasafiri waliokuwa wakitoka Babati kwenda Singida waliomba kulala katika uwanja wa kanisa. Gari lao dogo lilikuwa na kitanda, jiko na, nyuma ya mlango mwembamba kama wa kabati, choo na bafu pamoja. Ukikaa chooni, bomba la kuogea liko juu ya kichwa chako! Mama mkwe alichungulia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hata hawa nao!" alisema. Tangu siku hiyo aibu ikampungua.

Tuliona kwamba kila anayeoga hukokota maji ya ukutani na sakafuni kwa kipande cha mpira kabla ya kutoka, kisha hufungua kidirisha cha paani. Karatasi hutunzwa ndani ya kopo lenye kifuniko. Zaidi ya yote, maji ya kuoga huenda katika tangi lake, na uchafu wa choo hukaa katika chombo kingine kilichofungwa, ambacho hutolewa na kumwagwa chooni. Chumba ni kimoja, lakini njia ni mbili.

Kwetu maji yote ya sabuni yalikuwa yakiingia katika shimo la choo. Shimo la namna hiyo hujaa upesi, tena maji machafu yaliyotuama ni mazalio ya mbu aina ya Culex, ambao huweza kueneza matende na mabusha. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walifunika maji ya mashimo ya vyoo kwa punje nyepesi za polistireni, na mbu hao wakapungua sana.

Tulivyofanya nyumbani

Kwanza, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, fundi aliinamisha sakafu na kuchimba mfereji wa maji ya kuoga. Maji hayo sasa huenda kwenye shimo dogo lililojazwa mawe, mbali na kisima.

Pili, tulifunga bomba la chuma ukutani la kushikilia, na tukaweka kiti cha plastiki cha kuogea pamoja na kandambili zisizoteleza.

Tatu, anayeoga hukausha. Hata baba hukausha.

Nne, tulipanga zamu. Mama mkwe huoga saa nne asubuhi, wengine wakiwa kazini na shuleni. Usiku ana ndoo yake yenye kifuniko chumbani, nasi huimwaga alfajiri bila maneno.

Tano, tunasafisha kwa dawa moja tu kwa wakati mmoja. Usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika chumba kidogo hivyo hatari ni kubwa zaidi.

Wazazi wetu walitusimulia kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowahimiza watu kujenga vyoo. Choo tunacho. Swali ni kama kila aliye nyumbani anaweza kukitumia bila hofu.

Je, mama mpendwa, kwako yuko mzee, mjamzito au mgonjwa anayekunywa maji kidogo? Usimlaumu, wala usingoje aseme mwenyewe. Keti naye jioni hii, umwulize kwa upole. Mama mkwe sasa anamaliza birika lake la chai, na anatuuliza tunachelewa nini kuongeza jingine.