Kasongo na Kabambare: Klipu tuliyoirudia tukiwa wanafunzi, na mtoto ambaye jina lake hatukuliandika

Mwaka 2014, asistanti wa somo letu la sauti na picha alitupatia kazi ya kikundi iliyoonekana kama mchezo: chagueni klipu moja ya muziki, mkairudie picha kwa picha kwa vifaa mlivyo navyo. Tulikuwa wanane. Wengi wetu tulikuwa wazaliwa wa kusini mwa Maniema, kwa hiyo tukakubaliana kuifanya nyumbani wakati wa likizo kubwa, kati ya Kasongo na Kabambare. (Wanane kwenye karatasi, maana waliofanya kazi walikuwa watano. Alama tulipata sawa wote, na aliyepita chuo kikuu hapa kwetu hatashangaa.)

Siku hizi mwanafunzi mwenye simu nzuri anaweza kufanya kazi kama ile bila kuazima kamera kwa mtu, na kuna vijana wanaoniuliza waanzie wapi. Ndiyo maana ninaisimulia, pamoja na sehemu zake ambazo hazitupi sifa.

Tulichagua klipu ya nyota mmoja wa Kinshasa. Ndani yake kulikuwa na jipu kubwa, bwawa la kuogelea, wasichana wenye miwani ya jua, na mahali fulani wanaume wenye bunduki. Siku mbili za kwanza hatukugusa kamera. Tuliitazama klipu bila sauti, kalamu mkononi, na kila picha ilipobadilika tulipiga mstari. Wimbo wa dakika nne ulitupa mistari zaidi ya mia moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachoonekana kama sherehe moja ndefu ni vipande vya sekunde mbili tatu, na kila kipande kuna mtu aliyekaa akakifikiria. Kwa kila kipande tuliandika nani anaonekana, yuko karibu au mbali, kamera inatembea au imesimama, na maneno gani yako mdomoni.

Betri tulichaji kwenye kibanda cha jenereta, tukilipa kila mara. Wimbo tuliupiga kwenye spika ndogo, na mwimbaji wetu alipaswa kuimba kwa sauti yake yote. Akichezesha midomo tu, shingo inamsaliti na kila mtazamaji anajua anadanganya.

Jipu hatukuwa nalo. Tulichukua baiskeli iliyopakiwa magunia ya mchele, ile inayosukumwa kwa mguu kutoka kijiji hadi kijiji, na mwimbaji wetu akaiegemea kwa maringo yale yale ya Kinshasa. Bwawa la kuogelea likawa Lualaba, pale Kasongo-Rive. Watu waliokuja kutazama walicheka sana. Lakini tulipoangalia picha usiku, sehemu hizo mbili ndizo pekee ambazo hazikuonekana kama za kuazima.

Zilibaki bunduki. Tulichonga mbili za mti, tukazipaka mkaa na mafuta ya mawese, na kwa mbali zilidanganya vizuri mno. Kwenye njia ya Kabambare, mama mmoja aliyetupa mahali pa kulala aliziona. Alituuliza kama tuna akili. Askari akikuona kwa mbali hatakuja kupapasa kama ni mti, na wale wa porini vilevile. Usiku huo bunduki zetu zilipika sombe.

Asistanti alitukata pointi kwa picha zilizokosekana. Mpaka leo sikubaliani naye. Mwaka 2017, na tena mwaka 2019, wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika eneo hilo hilo la Kabambare, walitekwa nyara na watu wenye silaha. Kwa hiyo kijana anayeniuliza ninamjibu hivi: sehemu yenye bunduki au nguo za kijeshi iruke, hata kama klipu ya kwanza inayo. Kabla ya kusimamisha kamera, mpitie chifu wa kijiji au wa mtaa, mwambie mnafanya nini na mtamaliza saa ngapi.

Asiye na kompyuta ya kuunganishia picha asikate tamaa. Septemba 2009, wanafunzi 172 wa mawasiliano wa chuo kikuu cha UQAM, mjini Montréal, Canada, walipita mbele ya kamera moja iliyozunguka jengo lao wakiimba wimbo wa Black Eyed Peas, bila kukata picha hata mara moja. Video hiyo ilitazamwa na mamilioni ya watu.

Mjue pia kwamba wimbo si wenu. Kuonyesha darasani ni jambo moja, kuuweka YouTube ni jingine: mitambo yao inautambua wimbo, na mwenye haki anaweza kuizuia video au kuchukua pesa za matangazo. Kwetu haki ya mtunzi inalindwa na sheria ya mwaka 1986. Sisi wakati ule hilo halikutupita hata kichwani.

Lakini deni letu kubwa halikuwa kwa yule nyota. Kabambare, kulikuwa na mtoto wa miaka kumi hivi aliyekuja kila siku kututazama. Siku ya tatu alikuwa ameshika miondoko yote kuliko wachezaji wetu, tukamweka mbele. Kila aliyeona kazi yetu baadaye aliuliza habari zake kwanza.

Tuliporudi chuoni, mwenzetu mmoja alituonyesha video iliyokuwa inazunguka dunia mwaka ule: watoto wa Kampala, Ghetto Kids, wakicheza wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo. Tulinyamaza. Ilikuwa kama kumwona mtoto wetu wa Kabambare mara tano. Mwaka uliofuata Kenzo alipata tuzo ya BET. Watoto nao hawakuachwa njiani, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na mwalimu, Dauda Kavuma, aliyewapa mahali pa kuishi na kuwapeleka shule. Mwaka 2017 walionekana kwenye klipu ya Unforgettable ya French Montana, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent, Uingereza.

Mwishoni mwa klipu yetu kuna majina manane, pamoja na ya wale watatu ambao hawakufika hata siku moja. Jina la mtoto halimo. Wazazi wake hatukuwaomba ruhusa. Tulimpa biskuti.

Likizo iliyofuata nilipita tena Kabambare, mama yake akanisimamisha. Nilidhani ataomba pesa, nikaanza kutafuta maneno. Hakuomba pesa. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe anatazamwa kwenye simu za watu, na yeye hajawahi kumwona. Nilikuwa na fleshi mfukoni, bila mashine ya kuifungulia. Nikaahidi kurudi.

Ilinichukua miaka mingi, naona haya kuihesabu. Nilipofika, mtoto alikuwa mwanaume, ameenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, na habari zake zilikuja mara chache. Mama alikaa kwenye kigoda, nikamshikia simu. Aliitazama mara tatu bila kusema neno. Mara ya nne akaniomba nisimamishe pale mtoto anapogeuka na kucheka, kisha akaita jirani alete simu yake, ili nimtumie. Kwa Bluetooth ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeondoka mpaka ilipofika.